Daftari la Zamu ya Usiku, sehemu ya 14: Nilivyofuta video za mama nikitafuta nafasi

Wiki iliyopita niliandika mstari mmoja tu hapa, kwamba laptopu imeniliza, halafu nikapotea. Wengi mmekuja inboksi kuuliza kulikoni. Leo niko mapumziko baada ya zamu nne za usiku mfululizo, chai iko mezani, nawasimulia yote. Ni ndefu, kwa hiyo nimeigawa vipande vitano. Mwenye haraka aruke mpaka kipande cha nne, huko ndiko kuna hatua za kufuata.

KIPANDE CHA 1: Usiku wenyewe

Mnajua nimerudi shule. Diploma ya uuguzi nilimaliza zamani, sasa natafuta shahada huku nafanya kazi. Ripoti yangu ya utafiti ilitakiwa iwe imepakiwa kwenye mfumo wa chuo Jumatatu kabla ya saa sita mchana. Jumapili usiku nilikuwa nyumbani, watoto wamelala, naweka sawa majedwali. Saa nane usiku nabonyeza kuhifadhi, Word inakataa. Diski imejaa.

Laptopu yangu ni ya mtumba, niliinunua 2019. Diski yake ni SSD ya giga 128, ambayo Windows inaionyesha kama 119. Kwa mtu anayesoma PDF na kuandika ripoti, hiyo ni nafasi ya kutosha kabisa. Sikuwahi kujiuliza imekwenda wapi.

Nikafanya yale ambayo kila mtu anafanya. Nikamwaga pipa la taka la Windows. Nikafuta tamthilia mbili za Kikorea ambazo nilishazimaliza. Nikafuta picha za harusi za watu. Ule mstari wa diski C ukabaki mwekundu vilevile. Saa inakwenda, usingizi umenishika, macho yanauma. Nikaanza kutafuta mafaili makubwa.

Kulikuwa na folda inaitwa MAMA. Video kumi na moja, jumla giga 6 na ushee. Nilizirekodi miaka miwili kabla hajafariki, kila nilipokwenda likizo nyumbani Ifakara. Nikajiambia hizi si nimeshaziweka kwenye flashi? Nilikuwa na uhakika kabisa. Flashi iko kwenye kabati la kazini, kesho nitaiangalia. Na kwa kuwa nilijua kitu kikienda kwenye pipa la taka nafasi haipatikani mpaka ulimwage, nikabonyeza Shift na Delete kwa pamoja, zikaondoka moja kwa moja.

Ripoti ikahifadhika. Nikalala saa kumi.

Saa moja asubuhi nafungua laptopu nipakie ripoti. Diski nyekundu tena. Zimebaki megabaiti mia tatu. Jamani, giga sita nzima ndani ya saa tatu, na mimi nilikuwa nimelala. Nani kazichukua?

KIPANDE CHA 2: Mgeni niliyemkaribisha mwenyewe

Nikampigia mdogo wangu, yuko Dodoma, kazi yake ni kompyuta.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Nimeibiwa nafasi."

Akacheka. Akaniambia nishushe programu ndogo inaitwa WinDirStat. Ukiiendesha inakuchorea diski yako yote kwa maboksi ya rangi, kitu kikubwa kinaonekana kikubwa. Boksi lililoshinda yote lilikuwa ndani ya folda ya ProgramData, na ndani yake folda ya BOINC.

"Dada, hii BOINC inakula giga 50. Unaijua?"

Nikanyamaza. Naijua sana. Niliiweka mwenyewe.

Turudi Aprili 2020. Mnakumbuka tulivyokuwa. Mgonjwa akikohoa, wodi nzima inageuka. Nilikuwa narudi nyumbani navua nguo nje, najiona sina msaada wowote zaidi ya kuosha mikono. Katika kusoma nikakutana na habari ya Rosetta@home, mradi wa Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle. Wanachunguza jinsi protini zinavyojikunja, zikiwemo zile za virusi vya corona. Hesabu zake ni nyingi mno, kwa hiyo wanazikata vipande vidogo vidogo na kuvituma kwa watu wa kawaida waliojitolea. Kompyuta yako ikiwa haina kazi inapiga hesabu, ikimaliza inarudisha jibu, inapewa kipande kingine. Profesa David Baker, ambaye maabara yake ndiyo yenye mradi huo, alipata nusu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2024 kwa kubuni protini mpya. Siwezi kusema laptopu yangu ya mtumba ina mkono kwenye tuzo hiyo, lakini siku ile nilitabasamu zamu nzima.

Hiyo BOINC ndiyo programu inayopokea vipande hivyo na kuvirudisha. Ilitengenezwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, wale wale waliokuwa na SETI@home, mradi ulioanza 1999 wa kutafuta ishara za viumbe wa mbali kwenye mawimbi ya redio. SETI@home iliacha kugawa kazi mpya mwisho wa Machi 2020, wiki chache tu kabla mimi sijajiunga.

Baada ya Rosetta nikaongeza World Community Grid. IBM waliuanzisha 2004, na 2021 ukahamia taasisi ya utafiti ya Krembil, Toronto. Pale kulikuwa na utafiti wa Chuo Kikuu cha Nottingham kuhusu mafuta yaliyo kwenye ukuta wa bakteria wa kifua kikuu, ule ukuta unaofanya dawa zipate shida kuingia. Mimi nimekaa kliniki ya TB miaka mitatu. Nimeshahesabu vidonge na mama mmoja miezi sita, siku kwa siku. Mtu akiniambia kompyuta yangu inaweza kusaidia kuuelewa ukuta huo, nakataaje?

Na kuna jambo la nyumbani. Sisi watoto wa Ifakara tumekua tukiona watu wa utafiti. Waswisi waliweka maabara pale tangu miaka ya 1950, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Watu walikuja majumbani kutega mbu na kutoa damu vidoleni. Mama yangu hakuwahi kuwafungia mlango. Baadaye nikaja kusoma kwamba taasisi hiyohiyo ya Waswisi, ya Basel, iliwahi kuwa na mradi kwenye BOINC unaitwa malariacontrol.net, uliokuwa unapiga hesabu za jinsi malaria inavyoenea na vyandarua au chanjo vitapunguza kiasi gani. Nilipojiunga mimi ulikuwa umeshamaliza kazi. Lakini nilijisikia niko kwenye kazi ya nyumbani.

Sasa kosa langu liko hapa. Nikanogewa. Kwenye orodha ya miradi nikaona mmoja wa tabianchi, nikaweka. Nikaona mmoja wa fizikia, nikaweka. Sikusoma unataka nini. Nilibonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo, kama tunavyobonyeza siku zote.

KIPANDE CHA 3: Kilichokutwa ndani

Mdogo wangu akaniambia nifungue BOINC yenyewe, nitafute sehemu iliyoandikwa Disk. Kumbe ipo miaka yote hiyo! Kuna duara mbili. Ya kwanza inaonyesha diski nzima: BOINC imechukua ngapi, programu nyingine ngapi, na nafasi gani iko wazi. Ya pili inaonyesha kila mradi umekula ngapi. Yangu ilisoma hivi:

Fizikia, giga 33.
Tabianchi, giga 11.
Rosetta, giga 5.
World Community Grid, karibu giga 1.

Angalieni vizuri hiyo orodha. Mradi ulionigusa moyo, wa magonjwa niliyoyashika kwa mikono yangu, ndio uliokuwa umekaa kwenye kona ndogo kabisa. Walionijaza nyumba ni wale niliowakaribisha bila kuwauliza wanakuja na mizigo mingapi.

Ule wa fizikia unatumia VirtualBox. Maana yake, ndani ya kompyuta yako inafunguliwa kompyuta nyingine ya bandia, yenye mfumo wake na diski yake. Diski hiyo ya bandia ni faili moja zito. Halafu kila kazi inayoendeshwa inatengenezewa nakala yake kwenye folda zinazoitwa slots. Kwangu kila nakala ilikuwa kama giga 6, na laptopu yangu inaweza kuendesha kazi nne kwa mpigo. Piga hesabu mwenyewe.

Ule wa tabianchi ulikuwa na majibu yaliyokwisha yanayosubiri kutumwa. Mafaili yake ni makubwa, na mimi bando langu nilikuwa naliwasha na kuzima. Yakarundikana.

Na usiku ule? Mdogo wangu akasoma kumbukumbu za BOINC, mle inamoandika kila inachofanya. Kwa siku kadhaa ilikuwa inalalamika kwamba inahitaji nafasi zaidi. Kazi tatu za fizikia zilikuwa zinaendelea, ya nne imekosa pa kukaa. Nilipofuta zile giga 6 nafasi ikapatikana. Dakika chache baadaye ikatengeneza nakala ya nne. Haikuhitaji hata bando, faili lilikuwa limeshashuka zamani, ilinakili tu.

Kwa hiyo nilimtoa mama, na mgeni akalala kwenye kitanda chake kabla shuka halijapoa.

Si kosa la programu. Kila kitu ilichofanya nilikuwa nimeiruhusu. Kwenye mipangilio, kiasi cha kubakiza wazi kwenye diski kilikuwa sehemu moja ya kumi ya giga. Hapo hata Word haipumui. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi mgeni wangu alikuwa na jembe tayari, analima usiku na mchana, ila chumba sikuwahi kumpimia.

Na flashi? Nilikwenda kuiangalia mchana huohuo. Ilikuwa na mafunzo ya chanjo ya 2018 na nyimbo za kwaya. Video hazikuwemo.

Nikamuuliza mdogo wangu habari ya programu za kurudisha mafaili. Akavuta pumzi. Akaniambia kwenye diski za zamani za kuzunguka, faili likifutwa huwa linabaki mpaka liandikwe juu, unaweza kubahatisha. Kwenye SSD, Windows inaiambia diski kwamba sehemu ile haihitajiki tena, nayo inaisafisha. Tulijaribu. Hakuna kilichorudi.

KIPANDE CHA 4: Namna ya kusafisha bila kutupa kazi za watu

Hasira yangu ya kwanza ilikuwa kufuta folda nzima ya BOINC. Mdogo wangu akanizuia: "Dada, humo kuna kazi za watu ziko njiani." Nikamwelewa, maana wodini ni hivyohivyo. Huwezi kufunga wodi kwa kuzima taa. Unaacha kupokea wagonjwa wapya, waliopo unawahudumia mpaka waruhusiwe, ndipo unatandika vitanda. Kwa hiyo mwenye BOINC afanye hivi:

1. Fungua sehemu ya Disk kwanza. Ujue nani kala nini. Usifute chochote cha kwako kabla hujaangalia hapo.

2. Nenda kwenye Projects. Chagua mradi unaotaka kuuondoa, bonyeza "No new tasks". Hapo umefunga mapokezi. Kazi zilizopo zinaendelea, mpya haziji.

3. Acha zilizopo ziishe na zitumwe. Washa bando, uone kwenye Transfers kwamba hakuna kilichokwama. Kisha bonyeza "Update" ili mradi upate taarifa kwamba umekamilisha.

4. Ukiwa umeelemewa, kama nilivyokuwa mimi na ripoti ya saa sita, unaruhusiwa kukatisha. Nenda Tasks, chagua kazi, bonyeza "Abort". Si dhambi. Kila kazi ina tarehe ya mwisho, na isiporudi kwa wakati inapewa kompyuta nyingine. Ukiikatisha wazi wanajua mapema. Ni sawa na kupiga simu mchana kusema zamu ya usiku siji, wakutafutie mtu. Kibaya ni kupotea kimya.

5. Sasa bonyeza "Remove". Mradi unaondoka na folda yake. Kama mradi unautaka bado lakini umejaza takataka, tumia "Reset project": unafuta vyote na kushusha upya yanayohitajika. Angalizo, hiyo inatupa na kazi zilizokuwa katikati, ndiyo maana namba 3 inatangulia.

6. Weka kipimo. Fungua mipangilio ya kompyuta hiyo, sehemu ya diski na kumbukumbu. Kuna mistari mitatu: BOINC isizidi giga ngapi, ibakize giga ngapi wazi, na isizidi asilimia ngapi ya diski nzima. Inafuata ule unaobana zaidi. Mimi nimeandika isizidi giga 10, na ibakize giga 20.

7. Palepale kuna mahali pa kuchagua ihifadhi kazi za siku ngapi. Weka kidogo. Mwenye intaneti ya kila siku hana sababu ya kujaza stoo ya wiki nzima.

8. Anayetaka kuachana nayo kabisa aondoe miradi yote kwanza, kisha ndiyo aondoe programu. Ukiondoa programu peke yake, kwenye Windows ile folda ya BOINC ndani ya ProgramData inabaki, na kwa kuwa imefichwa utaishi nayo bila kujua. Ikague, na usiifute wakati BOINC inaendelea kufanya kazi.

Siku ile nilikatisha kazi nne za fizikia, nikaondoa mradi. Giga 33 zikarudi kwa mpigo mmoja. Zilirudi kirahisi mno, hicho ndicho kilichoniliza. Saa tano na nusu ripoti ikapanda kwenye mfumo wa chuo. Tabianchi niliusubiri siku tatu mpaka majibu yote yakaenda, kisha nao nikauaga.

KIPANDE CHA 5: Mama

Video kumi na moja. Nne zimerudi, kwa sababu zamani niliwahi kumtumia mama mdogo kwa WhatsApp, na yeye hafuti kitu. Zimefifia kidogo, WhatsApp inapunguza ubora, lakini sauti ipo. Saba hazipo.

Katika hizo saba kuna moja anapepeta mchele uani, ungo unapanda na kushuka, hanitazami. Anafikiri nampiga picha. Baada ya muda anauliza, "Mbona hiyo picha haiishi?" Namwambia ni video mama. Anasema, "Haya, basi ngoja nikae vizuri." Anaweka ungo chini, anafunga kitenge upya, anakaa. Halafu hasemi kitu. Anacheka tu. Dakika moja na kitu. Nimewaandikia hapa ili iwe imeandikwa mahali.

Wiki hii nimewaza sana kuhusu ndiyo zangu. Mwenzangu akiomba tubadilishane zamu, ndiyo. Jirani anataka nimchome mwanawe sindano saa nne usiku, ndiyo. Kamati ya harusi, ndiyo. Zote ni nzuri, hakuna hata moja ninayoijutia. Lakini nikiishiwa, sianzi kupunguza hizo. Naanza na usingizi wangu, halafu watoto wangu, halafu simu ya Jumapili niliyokuwa nampigia mama na mwaka wake wa mwisho nilikuwa naisogeza mbele. Usiku ule wa laptopu nilifanya kile ninachofanya siku zote, ila safari hii kilikuwa na kitufe.

BOINC sijaiacha. Jana usiku wakati naingia zamu niliiacha nyumbani inapiga hesabu za protini, ndani ya giga zake 10. Ikifika hapo inasimama. Nadhani mama asingenikataza, yeye ndiye aliyewafungulia mlango watega mbu. Lakini chumbani kwake hawakuwahi kulala.

Ombi moja kabla hujaendelea na mambo yako. Kama una video au sauti ya mzazi, iwe hai au ya marehemu, leo hii iweke mahali pawili. Na usijiambie iko kwenye flashi. Chomeka flashi, ifungue, itazame mpaka mwisho.

Kaka zangu na dada zangu wa kompyuta, kama kuna hatua nimekosea kwenye kipande cha nne nisahihisheni hapo chini, nitarekebisha. Sehemu ya 15 tutarudi wodini, nimewadai ile habari ya kitanda namba saba.

Usiku mwema.